Raifu ya baruti nyeusi inapiga vizuri mwanzo halafu inaanza kutawanya: kabla hujafanya kichwa cha risasi kigumu soma hapa

"Habari mtaalamu. Nina raifu ya .45-70 ya kupakia risasi moja moja, mtutu wa inchi 30, kibali ninacho na napiga shabaha uwanjani tu. Nimeanza kutengeneza risasi zangu kwa baruti nyeusi na vichwa nasubu mwenyewe kwa kalibu. Shida ni kwamba risasi tano za kwanza zinakaa pamoja, upana wa kiganja kwa mita 100, ya sita na ya saba zinaanza kutawanyika, na ikifika ya kumi naona kwenye karatasi tundu refu kama kichwa kimeingia kwa ubavu. Nikichungulia mtutu kuna weusi mgumu karibu na mdomo na michirizi ya kijivu. Napaka ile nta ngumu inayouzwa kwa vichwa vya baruti za kisasa. Wenzangu kila mtu na lake: mmoja anasema nichanganye vipande vya kubalansia tairi ili kichwa kiwe kigumu, mwingine nipunguze baruti ili masizi yapungue, wa tatu niweke baruti ya kisasa kidogo chini ichome masizi. Nifuate yupi?"

Ndugu yangu, usimfuate hata mmoja, na hao wawili wa mwisho wanakupeleka pabaya kabisa kwa hiyo nitarudi kwao. Ila umeeleza vizuri sana na jibu umeshalitoa mwenyewe bila kujua, umesema weusi mgumu uko karibu na mdomo wa mtutu na umesema unapaka nta ya baruti za kisasa, hapo ndo penyewe. Bunduki yako haina ubaya kwa jinsi unavyoieleza na vichwa vyako havijawa laini kupita kiasi, tatizo ni masizi kukauka.

Kabla sijaenda mbali, neno risasi kwa Kiswahili linabeba mambo matatu na ndo linachanganya watu wakianza kushauriana, ni ile nzima unayoipakia, ni kile kinachoruka, na ni yale madini yenyewe laini ya kijivu. Hapa nikisema risasi namaanisha ile nzima, nikisema kichwa namaanisha kinachoruka, na hayo madini nitayaita madini ya risasi.

Sasa tuanze na kinachotokea ndani ya mtutu. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti, na haiungui ikaisha kama baruti ya kisasa, zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa kitu kigumu, yaani chumvi chumvi pamoja na mabaki ya mkaa. Nyingine inatoka na ule moshi mweupe mzito unaouona, nyingine inabaki imeganda kwenye kuta za mtutu. Hayo masizi yana tabia moja ambayo ukiielewa umemaliza nusu ya kazi, yanafuata unyevu. Yakiwa na unyevu yanakuwa laini kama uji wa jana na kichwa kinachofuata kinayasukuma yote mbele, yakikauka kwa joto la mtutu yanakuwa kama gamba la sufuria lililoungulia. Kichwa kikipita juu ya gamba kinakwaruzwa, kinapoteza umbo, michirizi ya mtutu, ile iliyochongwa ndani ili kukizungusha kichwa, haikishiki sawasawa, hakizunguki inavyotakiwa, na kitu kirefu kisichozunguka vizuri hakiwezi kwenda kimenyooka, kinayumba mpaka kinaingia ubavu. Hilo tundu refu uliloliona ni hilo.

Kwa nini karibu na mdomo? Kwa sababu nta yako inaishia njiani. Kichwa kinabeba nta kwenye mifereji yake na kinaipaka mtutu kikiwa kinapita, ukiwa na mtutu wa inchi 30 (kama sentimita 76) na mifereji membamba yenye nta ngumu, inchi 20 za kwanza zinapata, zile za mwisho kichwa kinapita kikavu. Kikipita kikavu juu ya gamba kinaacha madini ya risasi pale, ndo ile michirizi ya kijivu. Kwa hiyo weusi na kijivu ni ugonjwa mmoja, usiwatafutie dawa mbili.

Na ile nta unayotumia haikutengenezwa kwa kazi hii. Imetengenezwa kwa baruti isiyoacha chumvi, kazi yake ni kulainisha tu, na nyingi zina mafuta ya petroli ndani ambayo yakikutana na masizi ya baruti nyeusi kwenye joto yanageuka kitu kama lami. Mi mwenyewe nilipoanza nilinunua hiyo hiyo kwa sababu ilikuwa safi haishiki mikono, na nilikaa msimu mzima nabadilisha kalibu, nabadilisha kiasi cha baruti, nafungua saiti nazirudisha, kumbe kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa nta. Inaniuma mpaka leo nikikumbuka baruti niliyoichoma bure.

Nta ya baruti nyeusi inatakiwa iwe laini na ya asili. Nta ya nyuki na mafuta ya kondoo yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu kwa uzito, ni mwanzo mzuri tu, wengine wanaweka mafuta ya mimea badala ya mafuta ya kondoo, hali ya hewa ikiwa ya joto ongeza nta ya nyuki kidogo isiyeyuke kwenye boksi, ikiwa baridi punguza. Usitumie siagi ya chumvi wala chochote chenye chumvi, utaleta kutu. Yeyusha kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, usiweke juu ya moto wenyewe kwa sababu nta inashika moto haraka kuliko unavyodhani. Jambo hili si geni pia, risasi ya Martini-Henry ambayo Waingereza waliichukua mwaka 1871 ilikuwa na kisahani cha nta ya nyuki kati ya baruti na kichwa, walishajua mapema kwamba baruti nyeusi bila grisi ya kutosha raifu inajifunga.

Angalia na kichwa chenyewe. Kama kalibu yako inatoa kichwa chenye mifereji miwili membamba basi hata nta nzuri itakuwa kidogo, kwa mtutu mrefu tafuta kalibu ya kichwa chenye mifereji mipana na yenye kina, mitatu au zaidi. Dalili ya kuangalia uwanjani ni hii, baada ya risasi kadhaa angalia uso wa mdomo wa mtutu, bunduki ikiwa wazi na tupu, ukiona nta imejichora pale kama nyota basi nta inafika mpaka mwisho. Ukiona pakavu peusi basi inaishia njiani.

Haya, turudi kwa washauri wako. Huyu wa kufanya kichwa kigumu hana nia mbaya, kwa baruti ya kisasa yenye kasi kubwa angekuwa na hoja, ila baruti nyeusi inafanya kazi kwa namna nyingine. Inawaka kwa mshtuko, inakipiga kichwa kwenye kitako ghafla, na kichwa laini kinafupika kidogo na kunenepa, kinajaza mtutu na kuziba njia ya hewa ya moto. Hiyo ni faida tunayoitegemea. Kichwa kigumu hakinenepi, kama ni chembamba hata kidogo kuliko mtutu basi ule moto unapita pembeni yake, unayeyusha ubavu wake na kubandika madini ya risasi mtutuni, utapata kijivu zaidi ya ulichonacho. Na vipande vya kubalansia tairi siku hizi vingine ni zinki, kikiingia kipande kimoja kwenye chungu mchanganyiko unakuwa kama uji wenye mabuje na kalibu haijai.

Mchanganyiko wanaoupenda wapigaji wa baruti nyeusi ni madini ya risasi safi na bati, sehemu 20 kwa 1 au 30 kwa 1 kwa uzito. Bati nalolisema ni lile la waya wa kulehemia, siyo mabati ya paa, na kazi yake kubwa ni kufanya mchanganyiko ujaze kona za kalibu na kukipa kichwa ugumu kidogo. Halafu pima mtutu. Chukua kipande laini cha madini ya risasi kinene kidogo kuliko mtutu, kipake mafuta, kipitishe taratibu kwa fimbo mpaka kitokee upande wa pili, kisha kipime kwa maikromita. Mitutu mingi ya .45 ya siku hizi ina inchi 0.458 kwenye mifereji ya michirizi yake lakini ya zamani zinatofautiana sana, na kichwa chako kiwe sawa na hicho kipimo au kizidi kwa inchi 0.001. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu inachosha, na wengi wanaolalamika kijivu mtutuni ukiwapimia unakuta kichwa ni chembamba.

Wa pili, wa kupunguza baruti. Hapa naomba unisikilize vizuri. Baruti nyeusi haitakiwi kuwa na nafasi ya hewa ndani ya ganda, hata kidogo. Baruti ya kisasa inakubali ganda kuwa na nafasi, nyeusi haikubali, ukiacha pengo kati ya baruti na kichwa mgandamizo unaweza kukusanyika pale kichwa kilipokaa na mtutu ukavimba ndani kama pete, au ukapasuka. Namba ya bunduki yako inajieleza yenyewe, .45 ni kipenyo kwa sehemu za inchi na 70 ni greni za baruti, yaani kama gramu 4.5, na kichwa cha jeshi la Marekani mwaka 1873 kilikuwa greni 405, kama gramu 26, kikitoka kwa karibu mita 400 kwa sekunde. Ganda lilijazwa. Maganda ya leo ni mazito zaidi kitakoni kwa hiyo greni 70 huenda zisiingie bila kushindilia, usilazimishe namba, fuata kitabu cha vipimo na maelezo ya aliyetengeneza baruti yako, cha muhimu ni baruti ifike kwenye kichwa bila pengo. Ukitaka mpigo mwepesi begani, vitabu vina vipimo vidogo vinavyojazia nafasi kwa visahani au kijazio kingine, uvitumie kama vilivyoandikwa, usijitungie.

Wa tatu, wa kuweka baruti ya kisasa chini. Hapana. Ni kweli kuna watu zamani walifanya hivo na masizi yalipungua, lakini walikuwa wanabahatisha kwa bunduki zao, na hakuna anayeweza kukuambia mgandamizo utakuwa kiasi gani kwenye chemba yako wewe, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Kijiko cha baruti nyeusi na kijiko cha baruti ya kisasa vinaonekana karibu sawa ila nguvu ni mbali kabisa, na bunduki nyingi za muundo huu zimejengwa kwa mgandamizo mdogo. Hata kuziweka chupa mbili wazi kwenye meza moja mi siruhusu. Nimeona bunduki iliyofunguka kwa kosa la kuchanganya chupa, mwenyewe alipona lakini vidole viwili hana, na alikuwa mtu makini kuliko wengi.

Basi masizi tunayamaliza vipi? Kwa unyevu, na njia ya bei rahisi kuliko zote ni pumzi yako. Ukishapiga, fungua bunduki, toa ganda, ingiza kwenye chemba kibomba cha kupulizia kilichotengenezwa kwa ganda tupu lililotobolewa na kuunganishwa mpira, halafu puliza pole pole pumzi tatu nne ndefu za joto. Mvuke unatulia kwenye masizi, yanalainika, kichwa kinachofuata kinayafagia. Siku kavu yenye jua kali puliza sita saba, siku ya mawingu mbili zinatosha, utaona mwenyewe. Inafanyika kutokea nyuma tu, kibomba kikiwa kimekaa kwenye chemba maana hapo risasi haiwezi kuwepo, mdomo wako usisogee kamwe kwenye mdomo wa mtutu, na mwambie msimamizi wa uwanja unachofanya kabla hujaanza. Kibomba kikae kwenye mfuko safi peke yake kwa sababu kinaingia mdomoni na kila kitu kingine mezani pale kina vumbi la madini ya risasi.

Wengine wanapitisha kitambaa chenye maji kidogo kila baada ya risasi, kisha kikavu. Inaleta usahihi mkubwa kwa kuwa kila kichwa kinakuta mtutu ule ule, ila inachelewesha, na ukiacha maji kwenye chemba unaharibu. Chagua moja na ufanye vile vile kila mara, ukipuliza mara tatu leo na mara moja kesho utakuwa unapima pumzi zako badala ya bunduki.

Kwenye kupakia kuna vitu vichache vinabadilisha mambo. Mimina baruti kupitia bomba refu jembamba la sentimita 60 hivi, taratibu, chembe zinajipanga zenyewe na kila ganda linakuwa kama jirani yake. Juu yake weka kisahani cha karatasi ngumu ili kulinda kitako cha kichwa, halafu shindilia kwa kifaa cha kushindilia chenyewe, usitumie kichwa kama mchi, kichwa laini kitapinda na utashangaa kwa nini kinaruka ovyo. Kiasi cha kushindilia kinategemea baruti, nyingine inapenda kuguswa tu nyingine inataka milimita kadhaa, badilisha kidogo kidogo na uandike. Ukubwa wa chembe kwa ganda hili ni Fg au FFg, ile laini ya FFFg iache kwa maganda madogo.

Na kumbuka baruti nyeusi ni kilipuzi, inashika kwa cheche ndogo tu. Toa kidogo unachotumia, mengine yabaki kwenye kopo lake la asili limefungwa mbali na meza, tumia vipimio vilivyotengenezwa kwa baruti nyeusi, usitumie mashine ya umeme isiyoruhusiwa na mtengenezaji, sigara isiwepo hata nyumba ile. Na nunua baruti ya kiwandani, usijaribu kujitengenezea.

Kusubu nako kunataka adabu. Madini ya risasi yanayeyuka kwa nyuzi 327, tunasubu kama 370 mpaka 425, na tone moja la maji likizama ndani ya chungu linageuka mvuke papo hapo na kurusha kila kitu usoni kwako. Kwa hiyo hakuna kipande chenye unyevu kinaingia, hakuna jasho juu ya chungu, vaa miwani, mikono mirefu, viatu vya kufunika. Usiyeyushe sahani za betri za gari kwa namna yoyote ile, zinatoa gesi zenye sumu kali. Watu wanaogopa moshi lakini kwa joto hilo hatari kubwa zaidi ni vumbi, ile taka ya juu unayoikwangua na mikono yako baada ya kushika vichwa, inaingia kwa mdomo. Usisubu jikoni, chungu hicho kisirudi kwenye chakula tena, usile wala kuvuta sigara ukiwa unafanya, nawa kwa sabuni na maji baridi, nguo zifuliwe peke yake, watoto na mwenye mimba wasikae karibu.

Kusafisha ni rahisi kuliko wanavyokutisha. Chumvi inayeyuka kwa maji, haiyeyuki kwa mafuta ya bunduki, kwa hiyo siku hiyo hiyo pitisha vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo mpaka vitoke vyeupe, kausha vizuri, pakaa mafuta kidogo, kesho yake angalia tena. Maji ya kuchemka yanakausha haraka ila yanaweza kuleta kutu nyepesi ghafla, uvuguvugu unatosha. Kijivu kilichopo sasa kiondoe baada ya weusi kuisha, kwa brashi ya bronzi ya ukubwa wa mtutu wako na uvumilivu. Maganda nayo yatumbukize kwenye maji ya sabuni pale pale uwanjani, ukiyaacha wiki yanapata kijani na kuharibika.

Usikate tamaa na madini ya risasi na baruti nyeusi. Mwaka 1874 pale Creedmoor, New York, timu ya Marekani na ya Ireland zilishindana kwa yadi 800, 900 na 1,000, Wamarekani wakiwa na raifu za kupakia nyuma na Waireland za kupakia mdomoni, wote kwa baruti nyeusi, na matokeo yalikuwa 934 kwa 931. Yadi 1,000 ni mita 914. Wewe unatafuta risasi kumi kwa mita 100, zipo.

Ningekuwa wewe ningeanza hivi: safisha kijivu chote, pima mtutu, badilisha nta peke yake, anza kupuliza, piga kumi bila kugusa kitu kingine. Ukibadilisha vitu vinne kwa siku moja hutajua kipi kilisaidia.

Ila kabla ya hizo kumi, kama raifu yako ni ya zamani au uliinunua mkononi mwa mtu, ipeleke kwa fundi bunduki aikague, chemba, kufuli na mtutu wote. Mwambie pia aangalie kama kuna pete, wewe mwenyewe unaweza kuihisi ukipitisha kitambaa kinachobana halafu mahali fulani kikalegea ghafla kisha kikabana tena, ukihisi hivyo usipige tena mpaka aione. Kama ushawahi kupiga zilizopunguzwa baruti, hilo ndo la kwanza kumweleza. Ukivuta kifyatulio na haijalia, shikilia bunduki ikielekea kwenye shabaha dakika nzima kabla hujaifungua, na ikilia kinyonge kuliko kawaida simama, fungua, angalia kama kichwa kimebaki ndani. Kuhusu kujipakia risasi na kuhifadhi baruti nyumbani uliza mamlaka inayotoa vibali ulipo, kibali cha bunduki mara nyingi hakijumuishi hayo. Na kwa sababu unasubu mwenyewe, mwombe daktari akupime kiwango cha madini ya risasi kwenye damu sasa hivi ukiwa mzima ili mwakani uwe na cha kulinganisha, ukianza kuumwa tumbo mara kwa mara, kichwa, uchovu usioeleweka au ganzi mikononi usingoje mwakani, nenda na umwambie kabisa kwamba unayeyusha madini ya risasi maana asipojua hatafikiria kupima.